Poly Haven kwa dirisha la sebule: mwanga safi kabisa, ila mandhari kapige mwenyewe

Nimetumia Poly Haven, tovuti ya kushusha vifaa vya 3D, kama miaka mitatu sasa kwenye kazi za kurenda (kutengeneza picha kwa kompyuta) ndani ya nyumba, sebule, majiko, vyumba vya hoteli, na kila mara kuna mtu ananiuliza kama zile HDRI zao (picha za kuzunguka pande zote zinazobeba ukali halisi wa mwanga) zinatosha kwa mandhari ya nje ya dirisha, basi leo nijibu kwa kirefu.

Kwanza sifa zao maana wanastahili. Kila kitu pale ni bure, leseni ni CC0, yaani unatumia hata kwenye kazi ya kulipwa bila kumtaja mtu, hulazimishwi kufungua akaunti, unachagua saizi unashusha. Unaweza kuchuja kwa muda wa siku, na kila HDRI wanakuandikia ina EV ngapi, yaani ngazi ngapi za mwanga kutoka giza hadi ung'avu. Hiyo namba iangalie kabla picha haijakupendeza, kwa sababu jua likiwa limerekodiwa na ukali wake wote, kivuli cha grili kinalala kwenye vigae kikali kama cha kweli, ukali huo ukiwa umekatwa kivuli kinafifia na chumba kizima kinapooza. Kwa mwanga nawapa tano juu ya tano, sina ubishi kabisa.

Sasa ukitaka HDRI hiyohiyo ndo iwe mandhari, piga hesabu kidogo. Panorama ya 4K ina pikseli 4096 kuzunguka nyuzi 360 zote. Dirisha linalochukua nyuzi 40 mbele ya kamera linapata pikseli 455 tu, wakati kwenye renda ya upana wa 4000, kwa lenzi ya mm 24, dirisha hilo linajaza karibu nusu ya picha! Ndo maana miti inatoka kama imepakwa mafuta. Ukipanda 16K unapata kama 1820, hapo inaridhisha, ila faili ni mamia ya MB, bando linaisha na kompyuta yenye RAM ndogo inaanza kulia. Halafu panorama nyingi zinapigwa kamera ikiwa kwenye tripodi chini, kwa hiyo sebule yako ikiwa ghorofa ya tano ile ardhi nje ya kioo bado inaonekana ipo hapo hapo mguuni, na jicho linashtuka hata kama mtu hajui kwa nini.

Lililonifundisha mimi ni nyumba moja ya Kigamboni. Niliweka HDRI ya machweo baharini, rangi za chungwa, nzuri sana, mteja akaitazama akaniambia kaka, hapa kwangu jua halizami baharini. Na ni kweli, ufukwe ule unatazama mashariki, jua linachomoza upande wa maji na jioni linakuwa nyuma ya nyumba. Ingekuwa Forodhani kule Zanzibar sawa, ila Kigamboni haiwezekani. Nilikosea mimi kuchagua, na toka siku ile mandhari napiga mwenyewe.

Ninavyofanya: naenda saiti saa ileile ninayotaka kwenye renda, kama nyumba haijasimama naomba kupanda ghorofa ya jirani inayokaribiana urefu, napiga kwa simu picha nne tano zinazopandana naziunga. Kwenye Blender, programu ninayorendea, naiweka kwenye pleni (bapa) iliyojipinda kidogo nje ya dirisha, materiali ya emisheni, yaani inayotoa mwanga yenyewe, nazima kivuli cha hiyo pleni ili jua la HDRI lipite, halafu mstari wa bahari naulinganisha na urefu wa kamera, hili watu wengi wanalikosea. Kamera ikiwa juu ya sakafu mita 1.4 basi upeo wa macho nao uwe urefu huohuo, haijalishi ghorofa ya ngapi, kinachobadilika ni vitu vya karibu kuonekana chini zaidi.

Na tafadhali msiogope nje kuungua kidogo, yaani kuwa nyeupe kwa mwanga mwingi. Jua la mchana linafika luksi 100,000, sebule yenye mwanga wa kawaida ni kama 300 hadi 500, kamera haiwezi kushika vyote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo mandhari yenye rangi nzito kama kalenda ukutani ndo inayosema uongo. Mimi naongeza nguvu ya emisheni mpaka mawingu yanaanza kupauka, na AgX, njia ya kugeuza mwanga wa renda kuwa rangi za picha iliyokuja na Blender 4.0, inapausha vizuri bila kugeuza rangi. Kingine wavu wa mbu. Nyumba zetu karibu zote zina wavu, ukiuweka unapunguza ukali wa nje na hapohapo dirisha linakuwa la Dar kweli, ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila mtu auweke.

Kwa hiyo mwanga bado nachukua kwao, hata wiki hii nimeshusha mbili za asubuhi yenye mawingu. Mteja wa Kigamboni kaomba na picha ya alfajiri, kesho saa kumi na moja na nusu nawahi pantoni.