Televisheni ya inchi 43 kama kioo cha kompyuta: uzoefu wangu

Kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri miswada na kupanga kurasa za vitabu, nilinunua televisheni ya inchi 43 yenye nukta za picha (pikseli) 3840 kwa 2160 niitumie mezani badala ya kioo cha kawaida cha kompyuta. Ukubwa huo hunipa nukta zipatazo 102 kwa kila inchi, na kurasa mbili hukaa bega kwa bega bila kupunguzwa. Filamu zilipendeza tangu mwanzo, na maandishi meusi juu ya weupe yalisomeka. Masahihisho mekundu ndiyo yaliyokuwa na kingo zilizofifia, na herufi nyekundu juu ya buluu karibu zisisomeke kabisa.

Kioo hakikuwa kibovu. Filamu na matangazo ya televisheni hurushwa kwa mtindo uitwao 4:2:0, ambamo kila nukta hupata mwangaza wake lakini nukta nne huchangia rangi moja. Katika sura ya mtu au mandhari jicho halioni upungufu huo, ila katika mstari mwembamba wa herufi ya rangi huuona mara moja. Kazi ya maandishi inadai 4:4:4, yaani kila nukta na rangi yake.

Katika televisheni yangu rangi kamili ilipatikana nilipoingia kwenye mipangilio na kulitambulisha tundu la HDMI, linalopokea waya wa picha, kuwa ni la PC, yaani la kompyuta. Ndivyo ilivyo pia kwa televisheni nyingi za Samsung na LG, na faida ya ziada ni kwamba kishale cha kipanya huitika upesi zaidi, kwa sababu urembeshaji mwingi wa picha huzimwa.

Hata hivyo mpangilio huo hautoshi ikiwa njia ya kupitishia picha ni nyembamba. Toleo la HDMI 1.4, lenye gigabiti 10.2 kwa sekunde, haliwezi kubeba 4:4:4 kwa ukubwa huu picha ikibadilishwa mara 60 kwa sekunde. Itabidi ushuke hadi mara 30, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya mezani inayovumilika hivyo. HDMI 2.0, yenye gigabiti 18, inatosha kwa rangi za biti 8 (biti hupima wingi wa viwango vya kila rangi), lakini ukichagua biti 10 kwa mara 60 inazidiwa, na hapo ndipo rangi hupunguzwa tena. Mimi nimeweka RGB (yaani kila nukta na nyekundu, kijani na buluu yake) ya biti 8 kwenye kadi ya michoro, nikahakikisha kwamba kompyuta na televisheni zote zinatumia upeo kamili wa mwangaza, maana zikitofautiana weusi hugeuka kijivu au vivuli hupotea.

Nimeridhika nayo sana. Anayekusudia kununua aende dukani na kompyuta yake pamoja na waya, afungue herufi ndogo nyekundu juu ya buluu bila kuzikuza, na kama hazitulii hata baada ya mpangilio wa PC, atazame nyingine.