Mashine ya kukatia nyasi: nunua kwa nyasi za Aprili, si za Januari

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunakwenda dukani Januari au Februari, jua linachoma, ukoka umelala chini umekauka, na mashine yoyote unayoonyeshwa inaonekana itatosha. Machi masika yanaingia. Ikifika katikati ya Aprili, nyasi ulizokata Jumamosi iliyopita zimeshakufika kifundoni, zimelowa kutwa nzima, na mashine uliyonunua kwa sababu ilikuwa rahisi inazimika kila hatua tatu.

Nasimamia jengo la apatimenti 12 Mbezi Beach, na nyumbani nina kiuwanja kisichozidi mita 8 kwa 10. Nimenunua, nimejuta, nimenunua tena. Nazipanga kama ifuatavyo, na kipimo changu ni kimoja: itafanya nini wiki mbaya kuliko zote za masika?

1. Brashikata ya petroli

Ni ile ya kuning'iniza begani kwa mkanda, yenye fimbo ndefu na kichwa cha uzi wa nailoni au kisu cha chuma. Naiweka mbele kwa sababu viwanja vyetu vingi havikunyooka: kuna mteremko, mtaro, shina la mnazi, kona ya tangi la maji, ukingo wa pevingi. Nyasi zikilowa au zikipita magoti, yenyewe inaendelea tu.

Zipo za aina mbili. Ya kuchanganya oili na petroli ni ya bei nafuu, spea zake zimejaa Kariakoo, na hata fundi pikipiki wa mtaani ataifungua bila kuogopa. Shida ni huko kuchanganya. Kitabu chake kikisema 50 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili ya 2T, ile maalumu ya kuchanganywa na petroli. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 200. Ukipewa kichupa chenye mistari ya kupimia ndani ya boksi, usikitupe. Kijana wetu wa bustani siku moja alimimina petroli tupu, akakata kama dakika kumi hivi, mashine ikakaza. Fundi alipofungua silinda, pistoni ilikuwa na michirizi kana kwamba mtu ameipitishia msumari. Hesabu ya matengenezo ilikaribia bei ya mpya.

Aina ya pili oili yake inakaa peke yake, kama ya gari. Mfano ni zile zenye injini ya Honda GX35, cc 35.8. Ni ghali zaidi, lakini kama anayeshika mashine anabadilika kila miezi michache, kama ilivyo kwenye majengo ya kupangisha, tofauti hiyo ya bei inarudi haraka. Petroli ni ileile ya kituoni, hakuna cha kukosea kupima.

Ubaya wa brashikata zote ni mawe. Kokoto moja iliruka ikapasua kioo cha nyuma cha gari la mpangaji, na nikalipa. Tangu hapo kisu cha chuma ni marufuku karibu na maegesho, tunatumia uzi tu, na hakuna anayewasha bila miwani na gambuti.

Dukani usisimame kuisifia namba ya cc kwenye stika. Vaa mkanda, ining'inize, zunguka nayo dakika tano. Kama nyonga imeanza kulalamika ndani ya duka lenye feni, saa mbili juani zitakuwaje? Kisha mwambie muuzaji aiwashe ikiwa baridi, aiache iungurume bila kuvuta mafuta. Kichwa kisizunguke. Kikizunguka, kuna marekebisho hayajafanywa, au kuna tatizo la klachi. Mwisho uliza spea tatu: kichwa cha uzi, kabureta, kamba ya kuwashia. Akikwambia "tutakuagizia", toka.

2. Mashine ya kusukuma ya petroli

Kama una bustani kubwa iliyonyooka, hii ndiyo inayoacha zulia. Brashikata haiwezi kukupa usawa huo. Upana wa sentimita 46 unatosha nyumba nyingi, 53 ni wa viwanja vya hoteli na majengo makubwa. Wa pwani waangalie bodi: ya bati huliwa na chumvi upesi, hasa nyasi mbichi zikiachwa zimegandia kwa chini. Chukua ya alumini au plastiki ngumu.

Hakikisha ina wenzo wa kupandisha na kushusha kimo. Ukoka mwembamba unapenda kuachwa sentimita 3 hadi 4, nyasi za Pemba za majani mapana 5 hadi 7, na kwa vyovyote usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Kiangazi pandisha kimo, udongo upate kivuli. Mashine isiyo na wenzo huo itakunyoa bustani hadi mchanga, na utalaumu jua.

Mashine mpya mara nyingi huja bila oili kwenye injini. Tia kabla ya kuvuta kamba, na kwa nyingi oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 5 tu za kazi. Ukiilaza kusafisha chini, chomoa waya wa plagi kwanza, na upande wa plagi uwe juu.

Kwa nini si ya kwanza? Nyasi mbichi ndefu huiziba. Aprili tunaanza na brashikata, hii inafuata siku kukikauka.

3. Ya umeme wa waya

Kwa kiuwanja kama changu inapendeza: kimya, haina kabureta, na ya wati 1,400 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.7 ya LUKU. Lakini haitumiki kwenye nyasi zilizolowa, na waya lazima uwe nyuma yako muda wote. Yaani msimu unaoihitaji zaidi ndio inakaa ndani. Za betri zinaondoa waya, lakini uliza kwanza bei ya betri ya akiba, huenda ukaghairi.

4. Ya silinda, ya kusukuma kwa mkono

Hii haina injini: unavyoisukuma, visu vyake huzunguka kama pipa. Aliyeibuni ni Edwin Budding, Uingereza, mwaka 1830, baada ya kuona mashine ya kiwandani inavyopunguza manyoya ya kitambaa. Inakata kama mkasi, safi kabisa, ila kwenye nyasi fupi tu. Ukisafiri wiki mbili kwenye masika, ukirudi haisukumiki.

Zote za petroli nazihudumia Juni, masika yakiisha: kisu kwenye tupa, chujio la hewa lioshwe au libadilishwe, petroli imwagwe na injini iungurume hadi iishiwe. Petroli ikilala humo hadi vuli inaacha gundi kwenye kabureta, na Oktoba utavuta kamba mpaka bega liume.

5. Fyekeo

Nimeliweka mwisho kwa sababu hutalinganisha na chochote. Utakuwa nalo tu. Bei yake haifiki ya kuku wa kienyeji, na kila aliyesoma bweni alishalibeba kwenye basi siku ya kuripoti. Tafuta lenye mpini wa mbao uliobana na makali pande zote mbili. Kabla hujalipa, likunje kidogo kwa mikono kisha uliachie. Likibaki limepinda, mrudishie.