Programa ya EPROM: kabla ya kulipa, uliza inafika volti ngapi

Malalamiko ninayoletewa na wanaoanza kuchoma (yaani kuandika) EPROM, zile chipu za kumbukumbu zinazofutwa kwa mwanga, yanafanana mno: programa, yaani mashine ya kuzichoma, inasoma chipu vizuri, lakini ikifika zamu ya kuandika inagoma. Mtu anadhani chipu ni mbovu, ananunua nyingine, nayo inagoma vilevile.

Shida ni volti. Kusoma kunahitaji volti 5 tu, kwa hiyo hata mashine hafifu itasoma. Kuandika kunataka volti ya juu zaidi, ile inayoitwa Vpp, na kila chipu ina yake. 2716 na 2732 za Intel zinataka 25. 2732A inataka 21. 2764 ni 21, ila 2764A ni 12.5. Hiyo A ya mwisho wengi hawaioni, na kumbe ukiipa 2732A volti 25 umeshaiua. Wauzaji nao wanaandika kwa herufi kubwa kwamba programa yao "inakubali familia yote ya 27", wanapanga picha za rundo la adapta ambazo anayeanza hatazigusa, halafu kikomo cha Vpp hukioni popote. Hilo linaniudhi kuliko bei.

Mimi ni shabiki wa XGecu, watengenezaji wa programa, sifichi. Namba moja ni T48 yao, kwa sababu inafika volti 25. Namba mbili ni TL866A au TL866CS za zamani, ambazo sasa utazipata za mkono wa pili: zinaishia 21, kwa hiyo 2732A inachomeka lakini 2716 hapana. Namba tatu ni TL866II Plus. Ndiyo, ilitoka baada ya hizo, lakini Vpp yake inaishia 18! Chipu zako zote zikiwa 27C256 haitakuangusha; ukiokota ubao wa zamani wenye 2764, utaishia kuisoma tu.

Vibao vya bei poa vya kuunga mwenyewe, achana navyo kwa sasa.

Hata T48 haiwezi kila kitu. 2708 inataka volti 5, hasi 5 na 12 kwa pamoja. TMS2716 ya Texas Instruments nayo inataka volti za aina tatu kwa pamoja, na mpangilio wa miguu yake si ule wa 2716 ya Intel, ingawa namba ni ileile. Na ukichoma chipu kongwe, uzime kwanza ukaguzi wa ID (utambulisho wa chipu): programa hupeleka kama volti 12 kwenye mguu wa A9, na 2716 haikutengenezwa kuvumilia hivyo.

Kifutio, yaani taa ya urujuanimno inayofuta chipu kupitia kidirisha chake cha kioo, hakina maneno mengi. Taa iwe ya nanomita 254, dakika 15 hadi 20 chipu ikiwa karibu na taa, na usiichungulie kwa macho. Taa ya kukaushia kucha haitakusaidia. Asiyetaka kifutio atafute W27C512 ya Winbond: haina kidirisha, inafutwa kwa umeme humohumo kwenye programa.

Sasa chipu zenyewe. Nyingi zinazouzwa kama mpya zimeng'olewa kwenye bodi, zikakwanguliwa na kuandikwa upya. Sugua maandishi kwa pamba yenye asetoni, yakitoka, shaka. Kisha zisome kabla ya kuchoma chochote. Chipu tupu hujaa FF (yaani biti zote ni 1) mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kuchoma ni kugeuza 1 kuwa 0, na 0 hairudi kuwa 1 bila kufuta. Mimi niliwahi kuuziwa "mpya" ambayo ndani yake bado kulikuwa na ujumbe mzima wa mashine ya mtu, herufi kwa herufi. Nilipomtumia muuzaji picha, akanijibu kwamba amenipa chipu iliyokwisha kujaribiwa, nimshukuru.