Kabla hujanunua hedifoni, vuta sponji: zipi zinafaa kwa muziki na zipi za kuacha dukani

Mwezi wa tatu nilishuka kwenye daladala Mbagala, hedifoni masikioni, lile joto zito linalotangulia mvua za masika. Mwanangu alikuja kunipokea mzigo, akanikazia macho. "Mama, umepaka masizi?" Nikajifuta shavu. Kidole kikarudi na vipande vyeusi vyembamba kama majivu ya gazeti. Vingine vilikuwa shingoni, vingine vimenasa kwenye ushungi, na nilipoufua bado havikutoka vyote. Ilikuwa ngozi ya sponji za hedifoni niliyonunua kwa shilingi 185,000, na haikuwa imetimiza hata miezi kumi.

Nikarudi dukani Kariakoo. Spika zinalia vizuri, betri inakaa na chaji, waya mzima. Nahitaji sponji tu. Muuzaji akaigeuza mara moja na kunirudishia: "Sponji zake haziuzwi dada, hizi zimegundishwa. Chukua nyingine." Nyumbani nilijaribu kuzibandua kwa kisu cha mezani, zikatoka na kipande cha plastiki. Kifaa kizima kikawa takataka kwa sababu ya sponji mbili.

Tangu niseme habari hii, wasomaji wawili wameniandikia yamewakuta hayo hayo, mmoja yuko Mombasa na mwingine Tanga. Sishangai. Ngozi ile si ngozi, ni kitambaa kilichopakwa plastiki laini, mara nyingi poliyurethani. Unyevu na joto huivunjavunja taratibu, na jasho pamoja na mafuta ya nywele huiongezea kasi. Hata ukiifungia kabatini bila kuivaa, hewa yetu ya pwani inaendelea kuila. Anayeishi Njombe kwenye baridi anaweza kukaa nayo miaka. Sisi wa Dar tunaopaka mafuta ya nazi kichwani hatuna muda huo.

Na si suala la usafi peke yake. Hedifoni ya kufunika sikio lote inapata besi yake kwa kuziba vizuri kuzunguka sikio. Sponji ikichanika au ikilala, hewa inapita na besi inapotea, nawe unadhani spika zimeharibika. Jipime hivi: weka wimbo wenye gitaa la besi unaoujua vizuri, kisha bana vikombe vyote viwili kwa viganja, taratibu. Besi ikipanda ghafla, sponji hazizibi. Fanya jaribio hilo hilo dukani, na ufanye ukiwa umevaa miwani yako, ushungi wako au rasta zako kama unavyovaa siku zote, kwa sababu hivyo vyote vinafungua upenyo. Ushungi mwepesi wa pamba ukiwa chini ya sponji unapunguza besi kiasi cha kusikika. Mimi huupitisha juu ya hedifoni.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, wala idadi ya saa za betri, wala herufi zilizojaa kwenye boksi. Swali langu ni moja: sponji zikifa, naweza kuweka nyingine kwa mikono yangu?

Ya kwanza kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni Beyerdynamic DT 770 Pro. Kampuni hii ya Ujerumani ilianza mwaka 1924, na kwa miaka mingi hedifoni hii imetengenezwa Heilbronn, huko huko Ujerumani. Sponji zake ni za mahameli, si ile ngozi ya plastiki, kwa hiyo hakuna cha kubanduka na kukubakia shavuni. Ukingo wa kitambaa unavutwa tu juu ya duara la kikombe, hakuna gundi wala skrubu. Mara ya kwanza nilihangaika kama dakika tano kuurudisha, sasa nafanya huku naongea na simu. Hata mto wa juu ya kichwa umefungwa kwa vifungo vya kubana, unatoka. Jumapili nazitoa sponji, nazifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nazikamua ndani ya taulo bila kuzisokota, kisha naanika kivulini. Ukihitaji mpya, mwambie muuzaji EDT 770 V. Kama hajawahi kusikia jina hilo, basi huyo si wa kumnunulia Beyerdynamic.

Sauti yake ina besi ya kutosha kwa dansi la zamani, lile gitaa la besi linalotembea chini ya tarumbeta. Juu ni kali kidogo. Kwenye taarab asilia ya Unguja, nyuzi za ala ya kanuni zinakuja zinang'aa, kila ukucha unausikia, na mimi napenda hivyo. Lakini rekodi ikiwa mbovu, au mwimbaji ana "s" kali, itakuchoma baada ya saa moja. Kasoro nyingine ni waya: kwenye aina niliyo nayo hautoki, na ukikatika unamtafuta fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea.

Zipo za ukinzani tofauti, unaopimwa kwa ohm: namba ikiwa kubwa, inataka nguvu zaidi ili ilie. Iliyoandikwa 80 ohm ndiyo yangu, waya wake una urefu wa mita 3, ni wa kukaa nyumbani. Kwenye simu inalia, ila unapandisha sauti zaidi. Ya 250 ohm iache kama huna amplifaya. Ya 32 ohm ina waya wa mita 1.6 na inafaa simu, lakini fungua boksi uhakikishe sponji ni za mahameli kabla hujalipa. Simu yako ikiwa haina tundu la pini, ongeza bei ya adapta ya USB-C kwenye hesabu.

Ya pili ni Audio-Technica ATH-M40x. Sponji zake ni za hiyo hiyo ngozi ya plastiki, na zitabanduka, usijidanganye. Ila zinavuliwa kwa mkono, na sponji za ndugu yake, M50x, zinaingia bila shida, ndiyo maana za kubadilishia zinapatikana kirahisi hata kwa kuagiza. Waya wake unatoka: unasukuma, unazungusha, umejifunga. Kwa anayetaka hedifoni moja ya miaka mingi na hawezi kufikia bei ya Beyerdynamic, achukue hii. M50x ina besi nzito zaidi na waya tatu ndani ya boksi, lakini sauti ya M40x imetulia kuliko yake, na mwimbaji hasogezwi nyuma.

Ya tatu ni Sony MDR-7506. Imo sokoni tangu mwaka 1991 na utaiona vichwani mwa watu wa studio dunia nzima. Sponji zake zinajulikana kwa kubanduka, lakini kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Waya wake wa kujiviringa ni mzito na hautoki.

Za bluetuthi naziweka nyuma, kwa kuwa humo kuna sponji na betri, vitu viwili vya kufa. Ukilazimika, Sony WH-1000XM4 inakunjika, na sponji zake zimeshikwa kwa vibano, zinatoka.

Za chini ya shilingi 50,000: vuta sponji kidogo kwa kucha. Ukiona ina ukingo unaovulika, nunua. Ikiwa imegundishwa, rudisha.

Sasa bei. Tafuta M40x au MDR-7506 inauzwa dola ngapi Marekani. Piga hesabu, ongeza usafiri, ongeza VAT ya asilimia 18, ongeza na faida ya haki ya mwenye duka, kisha linganisha na unachotajiwa. Nimetajiwa bei mara mbili ya hesabu yangu, na duka jingine nikatajiwa theluthi ya bei hiyo, yaani bandia ya wazi yenye nembo iliyokaa upande. Wauzaji wote wawili walikuwa na jibu moja nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi: "Tukikupa risiti bei inapanda." Sasa udhamini utaudai kwa karatasi gani?

Linaloniumiza zaidi ni hili la kukataa boksi lisifunguliwe. Mtu anauza kitu cha kuvaa kichwani, cha laki kadhaa, halafu anakwambia ukikigusa umekinunua. Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kununua M40x. Duka la kwanza walikataa katakata, eti wateja wengine watalalamika plastiki imechanwa. Tukaliacha boksi lao kaunta, tukavuka barabara. Kwenye duka la pili kijana alichana plastiki mwenyewe, akatoa hedifoni, akavua sponji ya kushoto mbele yetu, akairudisha. Mdogo wangu akalipa hapo hapo.