Chakula cha kopo cha paka mwenye kisukari, duka la Ngamiani, Tanga

Kwa bei, kopo la gramu 85 utaliona ghali ukilipima na fungu la vibua. Hata hivyo duka hili dogo la vyakula vya mifugo nalisifu, kwa kuwa muuzaji anauza kopo moja moja na anakuacha usome lebo mpaka uridhike. Kwa paka wangu Kibwana, mwenye kisukari, lebo ndiyo kila kitu.

Wanga, ambao ndio unaopandisha sukari, mara nyingi hauandikwi. Chukua 100, toa asilimia za protini, mafuta, majivu (yaani madini), nyuzi na unyevu. Kinachobaki ndio wanga. Kopo ninalonunua linabakiza 2. Punje kavu alizokuwa akila zinabakiza 35. Hata ukiweka maji kando ili ulinganishe kwa haki, kopo halifiki asilimia 10, punje zinakaribia 40. Paka ni mla nyama, wanga wote ule wa nini? Basi tu punje bila wanga hazishikani.

Chagua nyama iliyosagwa laini. Vipande vya kwenye mchuzi mzito viache, maana uzito ule aghalabu ni unga. Muuzaji husema yote ni sawa. Hapo simuungi mkono.

Tafadhali sana: kama paka anachomwa insulini, usimbadilishie chakula kienyeji. Wanga ukipungua sukari hushuka, na dozi ileile ya jana inaweza kumuua. Daktari wa mifugo alipunguza kwanza dozi ya Kibwana, ndipo tukabadilisha kidogo kidogo huku tukimpima kwa tone la damu ya sikioni. Asali iwe karibu: akiyumba au akitetemeka, mpake kwenye fizi umkimbize kwa daktari. Anakula asubuhi na jioni, saa 12 kati ya sindano na sindano. Akigoma kula, nampigia daktari kabla sijachoma.

Sasa hanywi maji kwa pupa, mgongo umerudi nyama, na miguu ya nyuma, ambayo alikuwa akikanyagia visigino, inaanza kunyooka. Nimefurahi mno.

Kasoro ya duka ni mzigo kukatika. Siku hizo namchemshia paja na mioyo ya kuku, bila chumvi wala kitunguu, lakini siku chache tu, kwani nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Nimemwomba muuzaji aniwekee katoni nzima, na amekubali.