Lenzi za kubana kwenye simu kwa vipepeo wenye vimkia: seti ya lenzi tatu au lenzi moja?

Seti ya lenzi tatu za kubana kwenye simu, ile ya bei rahisi inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu Mtwara mjini, Masasi na Lindi, hupiga vizuri maandishi madogo ya noti au punje ya chumvi. Kipepeo aliye hai haimuwezi. Kwa anayetaka kutambua vipepeo wadogo wa familia ya Lycaenidae, ushauri wetu ni kuiacha dukani na kutafuta lenzi moja yenye nguvu ndogo, iliyoandikwa +10 (yaani dayopta 10, si 10x). Kioo cha seti hiyo mara nyingi hakina ubaya. Shida ni umbali.

Ndani ya seti kuna lenzi ya jicho la samaki, lenzi pana ya 0.67x na lenzi ya karibu ya 10x. Ile ya karibu imefungwa kwa nyuzi za skrubu chini ya ile pana, na watu wengi hubana zote mbili kwa pamoja bila kujua, kisha hulaumu simu. Fungua lenzi pana kwanza. Hata hapo, lenzi ya 10x ina fokasi ya milimita 25 (250 gawanya kwa 10), yaani kioo lazima kisogee hadi sentimita mbili na nusu kutoka kwa kipepeo. Hatakungoja. Na akikungoja, utapata jicho lake safi huku bawa likiwa ukungu mtupu, kwa sababu kina cha picha (unene wa sehemu inayoonekana safi) kwa umbali huo ni kidogo mno. Lenzi ya +10 ina fokasi ya sentimita 10. Hapo unaweza kumfikia bila kivuli chako kumwangukia, na kipepeo mzima anaingia kwenye picha, kwani wengi wa familia hii hata wakikunjua mabawa hawafiki sentimita 5.

Picha ya mzima ndiyo inayotakiwa, kwa sababu upangaji wa vipepeo hawa hausimami kwenye alama moja. Mwaka 1973 mtaalamu J. N. Eliot aliigawa Lycaenidae katika nusufamilia 8 (makundi ndani ya familia). Orodha nyingi zilizofuata zina 7: Lipteninae imeingizwa Poritiinae, Liphyrinae imeingizwa Miletinae, na Aphnaeinae, ambayo Eliot aliiweka ndani ya Theclinae, imetolewa ikasimama peke yake. Wapo sasa wanaotaka kuunganisha zaidi, kwa hiyo usishangae kitabu kimoja kikikupa jina la kundi tofauti na kingine. Spishi haijabadilika, kilichohama ni droo yake.

Theclinae ndiyo nyumba ya wale wenye vimkia vyembamba mwishoni mwa bawa la nyuma, na hapo ndipo wanaoanza hukosea: wanaona kimkia, wanaandika Theclinae, basi. Nenda kwenye shamba la mbaazi linalochanua, iwe Newala au Nachingwea. Yule wa zambarau-buluu anayerukaruka kwenye maua ana kimkia kimoja kila upande, lakini ni Lampides boeticus wa nusufamilia ya Polyommatinae. Anataga kwenye vitumba vya maua, na kiwavi wake hutoboa ganda na kula mbegu, kwa hiyo mkulima anamjua hata kama hajui jina. Mtambue kwa upande wa chini wa bawa: mistari ya kahawia na nyeupe inayopinda kama mawimbi, na utepe mpana mweupe karibu na ukingo. Leptotes pirithous anafanana naye na ana kimkia pia, ila utepe huo mpana hana.

Hypolycaena philippus ni Theclinae wa kweli, na anaonekana sana kwenye vichaka. Ana vimkia viwili kila upande, na chini ya bawa ni kijivu chenye mistari myembamba ya kahawia nyekundu. Ukikuta vimkia viwili lakini chini ya bawa kuna mikanda yenye vistari vya rangi ya fedha, umehamia Aphnaeinae, kwenye jenasi ya Cigaritis (vitabu vya zamani huandika Spindasis). Viwavi wa hao huishi na sisimizi, kwa hiyo angalia mti pia: picha moja ya sisimizi waliopo ina faida kuliko picha tano za bawa lilelile. Myrina silenus hahitaji lenzi yoyote. Mkia wake ni mnene na mrefu, na kiwavi hula majani ya mikuyu na jamaa zake.

Kuna jambo jingine linalofanya mkia usiaminike. Mkia pamoja na doa lililo karibu nao huiga kichwa na papasi (vipapasio vya kichwani). Kipepeo akitua huyasugua mabawa ya nyuma juu na chini ili adui ashambulie upande huo. Matokeo yake, wengi unaowakuta mkia umeshang'olewa. Asiye na mkia usimtoe Theclinae mpaka umeangalia kona ya bawa: ikiwa imekatika bila mpangilio, alikuwa nao.

Kwa lenzi ya +10 tunapiga picha nne. Ya kwanza ni ya chini ya bawa, simu ikiwa sambamba na bawa kabisa. Ukiinamisha kidogo tu, nusu ya picha inapotea. Ya pili ni ya uso, uone pete nyeupe za papasi. Ya tatu ni ya juu ya bawa akilifungua, na ya nne ni ya mmea. Nenda asubuhi kabla jua halijampasha moto. Kwenye simu yenye kamera nyingi, bana lenzi juu ya kamera kuu na ufunge kwenye 1x, la sivyo simu itahamia yenyewe kwenye kamera pana ikiona kitu kiko karibu, na utabaki na duara jeusi.

Lenzi hii isichoweza: mguu wa mbele wa dume, ambao vipande vya mwisho vimeungana kuwa kimoja, unahitaji sampuli iliyokufa na hadubini. Baadhi ya spishi za jenasi za Iolaus na Anthene hutenganishwa kwa viungo vya uzazi. Hapo andika jenasi tu, uache. Kukusanya sampuli kwenye hifadhi kama Rondo kunahitaji kibali.

Kabla ya kulipa, piga picha ya rula dukani. Milimita za pembeni zisiwe na kingo za zambarau wala kupinda. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ondoa vumbi lake kwa pampu ndogo ya mpira kabla ya kugusa kioo kwa kitambaa. Ukifuta kavu, mikwaruzo haitoki. Kagua pia mpira wa kibanio. Ukiwa mgumu, lenzi huteleza nusu milimita kila ukiinama, na kona moja ya picha huwa nyeusi.