Sindano za mgongo: zipi zina faida, zipi hasara

Sindano ya diclofenac (dawa ya kutuliza maumivu) ya takoni, inayochomwa kila pahala kuanzia Darajani, Unguja, hadi Chake Chake, Pemba, haitibu maumivu sugu ya mgongo. Hutuliza kwa saa chache, kama kidonge chake tu. Ikirudiwa huumiza tumbo na figo, na mchomaji akikosea pahala hugusa mshipa mkubwa wa fahamu, mguu ukalegea. Haifai.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, inayopigwa karibu na uti wa mgongo ni jambo jengine. Huwafaa zaidi wenye maumivu yanayoteremka mguuni kwa sababu ya diski (kitu laini baina ya pingili za mgongo) iliyotoka na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu ya mgongo peke yake, yasiyoshuka mguuni, hayapati faida kubwa.

Muulize daktari mapema: sindano itaongozwa na eksirei? Kuchoma kwa kukisia huifanya dawa ikose pahala pake. Anayetumia warfarin au clopidogrel, dawa za kuzuia damu kuganda, aseme kabla; asiache dawa kwa shauri lake. Mwenye kisukari apime kila siku kwa wiki nzima, maana sukari hupanda.

Ganzi inayochanganywa na steroidi ikiisha, maumivu huweza kurudi kwa siku mbili tatu. Steroidi huchukua hadi wiki moja kushika. Nafuu ni ya wiki au miezi michache, na ndio wakati wa kufanya mazoezi ya mgongo. Anayelala tu hupoteza pesa. Siku ya sindano usiendeshe vespa, na wa Pemba asipande boti jioni yake. Homa, mkojo kuziba au miguu kuishiwa nguvu: hospitali papo hapo.